Kombe la mabingwa wa nchi mbili: mwongozo kamili wa kuliandaa, kutoka barua ya kwanza hadi kukabidhi kombe

Kila msimu unapoisha, viongozi wa klabu mbili hukubaliana kwa simu kwamba bingwa wa huku acheze na bingwa wa kule. Kombe huchongwa, picha zikasambazwa. Wiki chache baadaye mechi inaahirishwa, kisha haisikiki tena. Makombe ya namna hii hayafii uwanjani. Yanafia kwenye karatasi: tarehe ambayo shirikisho halikuijua, kanuni isiyosema sare itaamuliwaje, mchezaji aliyevuka mpaka kwa kibali kisichomruhusu kurudi.

Mfano tutakaoutumia ni bingwa wa Tanzania Bara dhidi ya bingwa wa Kenya. Hatua hizi zinafaa pia kwa mabingwa wa ligi ya wanawake, kwa mabingwa wa madaraja ya chini, na kwa Uganda, Rwanda au Burundi. Anza siku 90 kabla ya mechi. Ukianza zikiwa zimebaki siku 30, andaa mwaka ujao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwandikia mtu yeyote

- Barua ya kila shirikisho inayothibitisha kwamba klabu hiyo ndiyo bingwa wa msimu husika.
- Tarehe ya kwanza na tarehe ya akiba, zote zimeandikwa siku, tarehe, mwezi na mwaka.
- Barua ya mmiliki wa uwanja inayosema uwanja uko wazi kwa siku tatu: siku ya mazoezi, siku ya mechi na siku inayofuata iwapo mvua itavuruga.
- Rasimu ya kanuni za kombe, kurasa nne hadi sita, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kama mpinzani anatoka Burundi au Kongo, ongeza Kifaransa.
- Orodha ya msafara wa watu 28: wachezaji 20, benchi la ufundi watu 6, viongozi 2.
- Mtu mmoja kila upande mwenye mamlaka ya kusaini. Si kamati, ni mtu mmoja.
- Makisio ya gharama yenye jina la anayelipa mbele ya kila mstari.

Kombe lenyewe ni la mwisho. Usilitengeneze kabla ya hatua ya tatu kukamilika.

## Hatua ya 1: Tafuta tarehe ambayo kalenda zote mbili zimelala

Ipe hatua hii muda mwingi kuliko zote.

Ligi za Tanzania na Kenya kwa kawaida huanza kati ya Agosti na Septemba na kumalizika Mei au Juni. Nafasi yenu, basi, ni Juni na Julai. Lakini ndani ya miezi hiyo miwili kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni mechi za kalenda ya FIFA za mwezi Juni. Bingwa ndiye mwenye wachezaji wengi timu ya taifa. Ukipanga kombe ndani ya siku hizo, utapata jezi za bingwa zikiwa zimevaliwa na kikosi cha vijana.

Wa pili ni 30 Juni. Mikataba mingi ya wachezaji hukoma siku hiyo. Kikosi kilichobeba ubingwa kinaweza kuwa na watu wake nusu tu ifikapo Julai, na wapya bado wanasubiri hati zao za uhamisho.

Wa tatu ni Agosti. Klabu zina siku zao za kutambulisha wachezaji, kuna Ngao ya Jamii upande wa Tanzania, na raundi za awali za mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinabisha hodi. Na mara nyingine mashindano makubwa huchukua viwanja vyote vizuri: Agosti 2025 CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na hakuna ambaye angekupa uwanja mkubwa kwa wakati huo.

Zinabaki nafasi mbili za kweli. Unaweza kucheza ndani ya wiki mbili baada ya ligi zote kumalizika, ukapata kikosi halisi cha ubingwa chenye miguu iliyochoka. Au unaweza kucheza wiki mbili za mwisho za Julai, ukapata timu mpya yenye nguvu na kocha anayetaka mechi ngumu ya kupima kikosi. Chagua Julai. Makocha huikataa ya kwanza kwa maneno mazuri, kisha huleta wachezaji wa akiba.

Mabingwa wa Estonia na Latvia, wanaogombea Kombe la Livonia, huonyesha kanuni hii vizuri. Ligi zao zote mbili huchezwa kuanzia Machi hadi Novemba, hivyo mabingwa hukutana kabla ya msimu kuanza, wakati wote wako kwenye maandalizi. Hata hivyo kombe hilo limeruka miaka kadhaa. Kalenda zikilingana mnapata nafasi ya kucheza tu. Kazi iliyobaki bado ni yenu.

Inapoharibika: kiongozi mmoja anasema "mwishoni mwa Julai", mwingine anaelewa wikiendi ya mwisho. Andika "Jumamosi, 25 Julai 2026".

Umefaulu ukiwa na: barua mbili, moja kutoka kwa wasimamizi wa ligi ya kila nchi, zenye tarehe ileile.

## Hatua ya 2: Amua muundo, na uamue sare itavunjwaje

Mechi mbili, nyumbani na ugenini, zinapendeza na zinaingiza viingilio mara mbili. Pia zinahitaji safari mbili, hoteli mbili, waamuzi mara mbili na wiki nzima ya kalenda ambayo hamna. Toleo la kwanza liwe la mechi moja. Mwenyeji apatikane kwa kurusha shilingi, na iandikwe palepale kwamba toleo linalofuata litachezwa kwa yule mwingine.

Mkishikilia mechi mbili, andikeni wazi kama bao la ugenini linahesabika zaidi jumla ya mabao ikiwa sawa. Hapa watu hugombana kwa haki kabisa, kwa sababu kila mmoja anatazama mashindano tofauti. UEFA, shirikisho la Ulaya, waliliondoa kuanzia msimu wa 2021/22. CAF waliendelea nalo: Aprili 2025 Mamelodi Sundowns waliwatoa Al Ahly kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa baada ya 0-0 Pretoria na 1-1 Cairo. Shabiki wa ligi za Ulaya na shabiki wa mashindano ya CAF watatoka uwanja mmoja na washindi wawili.

### Hesabu ya jua

Kwa uwanja usio na taa, au wenye taa zisizoaminika, piga hesabu hii kabla ya kuandika "dakika 30 za nyongeza".

Mechi ikianza saa 10:00 jioni, kipindi cha kwanza pamoja na dakika za majeruhi kinaisha kama saa 10:48. Mapumziko ya dakika 15 yanakufikisha 11:03. Kipindi cha pili kinaisha kama 11:53. Ongeza dakika 5 za kupumua, vipindi viwili vya dakika 15 na sekunde za kubadilisha magoli: saa 12:31. Matuta, yaani mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi, yanachukua robo saa au zaidi, kwa hiyo unamalizia kama saa 12:48.

Julai, jua la Dar es Salaam huzama muda mfupi baada ya saa 12:15. Kipa atakuwa anatafuta mpira gizani kwenye penalti inayoamua kombe.

Kuna dawa mbili. Anza saa 9:00 alasiri, au futa dakika za nyongeza na mwende moja kwa moja kwenye matuta, ambayo yatakwisha kama saa 12:10. Kwa mechi ya maandalizi ya msimu, dawa ya pili ni bora, kwa sababu inaokoa pia misuli ya wachezaji.

Na hapo hapo, saa zote ziandikwe mara mbili: "saa 10:00 jioni, yaani 16:00". Barua ya Kiingereza ikisema 10:00 bila ufafanuzi, kuna basi litafika asubuhi na gari la wagonjwa litakaloondoka mchana.

## Hatua ya 3: Vibali, kwa mpangilio wake

Klabu haimwandikii moja kwa moja shirikisho la nchi nyingine. Mechi kati ya timu za mashirikisho mawili ni mechi ya kimataifa hata kama inaitwa bonanza, na inahitaji idhini ya mashirikisho yote mawili. Njia ni hii:

1. Klabu ya Tanzania inaiandikia TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Klabu ya mkoani inapitia chama cha soka cha mkoa wake.
2. Klabu ya Kenya inaiandikia FKF, shirikisho la soka la Kenya.
3. TFF na FKF wanaandikiana. Shirikisho la mwenyeji ndilo linalotoa kibali cha mechi na kupanga au kuomba waamuzi.
4. Timu inayosafiri inapata ruhusa ya serikali yake. Kwa Tanzania Bara anza na Baraza la Michezo la Taifa.
5. Mwenyeji anapeleka taarifa polisi wa eneo la uwanja, akiambatisha kibali cha shirikisho.

Mkitaka kuchezea nchi ya tatu, shirikisho la nchi hiyo nalo lazima likubali, na suala hupanda hadi ngazi ya CAF. Ongeza mwezi mzima.

Bingwa wa Zanzibar anahitaji uangalifu wa pekee. Zanzibar ina shirikisho lake, ZFF, na bingwa wake hucheza mashindano ya CAF, lakini si mwanachama wa FIFA. Barua zinazohitaji mkono wa mwanachama wa FIFA zipitie TFF, na ZFF wapewe nakala tangu siku ya kwanza. Kuwaruka ZFF ni kukosa adabu, na pia ni kujichelewesha.

Ukimtumia mtu wa kati kutafuta mpinzani, mwombe leseni yake ya uwakala wa mechi kabla ya kumlipa hata shilingi.

Inapoharibika: tangazo linatoka kwanza, kibali kinafuata. Shirikisho likisoma habari ya kombe mitandaoni, jalada lako linakwenda chini ya mengine.

Umefaulu ukiwa na: barua ya kibali yenye majina ya klabu zote mbili, uwanja, tarehe na saa. Barua inayosema "hatuna pingamizi" bila tarehe si kibali.

## Hatua ya 4: Andika kanuni za kombe

Usinakili kanuni za ligi. Zina vifungu mia ambavyo hamvihitaji na zinakosa vinane mnavyovihitaji.

Nani anaruhusiwa kucheza. Mchezaji mwenye leseni halali ya klabu hiyo siku ya kufunga orodha, siku saba kabla ya mechi. Mchezaji mpya kutoka nchi nyingine asiye na hati ya uhamisho wa kimataifa asiorodheshwe. Wachezaji wa kuazima kwa siku moja wasiruhusiwe. Bingwa acheze na watu wake.

Wachezaji wa kubadilisha. Watano, katika nafasi tatu za kusimamisha mchezo, mbali na mapumziko. Mechi za kirafiki huruhusu makubaliano ya idadi kubwa zaidi, na makocha wataomba. Wakikubaliana, mwamuzi aambiwe kabla ya mechi kuanza, siyo dakika ya 60.

Mechi ikivunjika. Sheria ya 7 ya soka inasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vingine. Kurudia maana yake ni safari nyingine ya watu 28. Andikeni kwamba ikivunjika kwa mvua au umeme itaendelea kesho yake kuanzia dakika ileile na matokeo yaleyale. Ikivunjika kwa sababu timu imegoma, timu hiyo inapoteza kwa 3-0.

Timu ikipungua. Chini ya wachezaji saba mechi haiendelei.

Kadi. Nyekundu ya mechi hii itatumikiwa wapi? Mashirikisho yaulizwe kabla, jibu liwe la maandishi. Hiki ndicho kifungu ambacho makocha husoma kwanza.

Waamuzi. Wanne kutoka nchi ya tatu ndiyo chaguo safi. Mkikosa fedha, mwamuzi wa kati atoke nchi ya tatu na wengine watatu watoke kwa mwenyeji, wakiteuliwa na shirikisho, kamwe wasiteuliwe na klabu. Mwamuzi wa kati kutoka nchi ya mwenyeji ni kosa hata awe hodari namna gani: penalti ya kwanza tu itasomwa kwa pasipoti yake.

Malalamiko. Kwa maandishi, ndani ya saa 24, kwa kamishna wa mechi. Maamuzi ya mwamuzi juu ya mchezo hayalalamikiwi.

Kombe. Linakaa kwa bingwa kwa muda gani, nani analipia likivunjika, na linarudishwa lini. Tarehe ya kulirudisha iwe siku 30 kabla ya toleo lijalo.

Umefaulu ukiwa na: nakala mbili zenye saini kila ukurasa, siku 45 kabla ya mechi.

## Hatua ya 5: Fedha

Makubaliano rahisi ndiyo yanayodumu. Mgeni anajisafirisha hadi mpakani au uwanja wa ndege wa mwenyeji. Mwenyeji anabeba usafiri wa ndani, usiku mbili wa malazi, milo, waamuzi, uwanja na ulinzi. Mapato ya mlangoni yanalipia kwanza gharama za mechi, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa uwiano ulioandikwa.

Chagueni sarafu moja ya kuandikia kila kiasi, kwa sababu "shilingi laki tano" ni fedha mbili tofauti kabisa pande mbili za mpaka wa Namanga.

Piga hesabu ya milo kwa idadi ya watu na siyo kwa makadirio. Watu 28 wakila chakula cha jioni wanapofika, milo mitatu siku ya kati na mitatu siku ya mechi, hiyo ni milo 196. Ongeza waamuzi wanne na kamishna, milo 35. Jumla 231. Mwandaaji anayesema "tutawalisha tu" huishiwa fedha siku ya pili asubuhi.

Usilipie gharama yoyote kwa fedha ya viingilio ambavyo havijauzwa. Waamuzi, hoteli na gari la wagonjwa vilipwe siku tatu kabla, kutoka mfuko wa mdhamini au wa klabu.

## Hatua ya 6: Safari na mpaka

Dar es Salaam hadi Nairobi kwa barabara ni takriban kilomita 900. Basi lililotoka usiku wa kuamkia mechi linaleta wachezaji wenye miguu ya mbao. Timu ifike angalau saa 36 kabla ya mechi. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na timu ya pwani itahema mapema, kwa hiyo kocha apange mazoezi mepesi siku ya kuwasili.

Coaster ina viti kama 29, lakini watu 28 pamoja na mabegi ya jezi, mipira na dawa hawatoshi humo kwa amani. Chukua basi kubwa, lenye madereva wawili.

Nyaraka ndizo zinazokwamisha. Wiki nne kabla ya safari, keti na kila mtu mmoja mmoja na uangalie haya:

- Pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Usidhani kitambulisho cha taifa kinatosha mpaka wa Kenya na Tanzania. Majina kwenye hati yafanane na majina kwenye leseni ya mchezaji, herufi kwa herufi.
- Cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabika halali siku 10 baada ya kudungwa. Aliyechanjwa juzi bado hana cheti.
- Wachezaji wa kigeni. Mghana anayechezea klabu ya Tanzania hasafiri kama Mtanzania. Angalia masharti ya kuingia Kenya kwa uraia wake, kisha angalia kibali chake cha ukaazi kitakachomrudisha Tanzania. Wengi wanakagua safari ya kwenda na kusahau ya kurudi.
- Bima ya basi. Kwa nchi zilizo kwenye mpango huo, ni Kadi ya Njano ya COMESA. Meneja akisema "kadi za njano ziko tayari", muulize ni za basi au za homa, maana zimeshachanganywa mara nyingi.
- Orodha ya vifaa. Mipira, koni, jezi, mashine za tiba na kombe lenyewe, kila kimoja na idadi yake, kwenye barua yenye mhuri inayosema vitarudi. Kombe linalong'aa ndani ya sanduku lisilo na karatasi litawafanya maofisa wa forodha waulize maswali, na wana haki.

Mtu mmoja wa mwenyeji asubiri mpakani akiwa na nakala ya kibali na orodha ya majina. Mpitie mchana.

Mnaotumia njia ya Horohoro na Lunga Lunga kwenda Mombasa, hesabuni pia foleni ya kivuko cha Likoni.

Umefaulu ukiwa na: bahasha moja yenye nakala za kila mtu kwa mpangilio wa namba za jezi, na nakala yake ya pili kwenye simu ya kiongozi wa msafara.

## Hatua ya 7: Uwanja, siku tatu kabla

Mechi ya kimataifa inataka uwanja wa urefu wa mita 100 hadi 110 na upana wa mita 64 hadi 75. Viwanja vingi vya mikoani vinaonekana vikubwa lakini upana haufiki 64. Pima kwa futi ya mita 50, usipime kwa hatua.

Pima hivi:

1. Weka kigingi kwenye kona. Vuta kamba mita 12 kuelekea urefu na mita 9 kuelekea upana. Umbali kati ya ncha mbili ukiwa mita 15 kamili, kona yako imenyooka.
2. Maliza pande nne, kisha pima mshazari kutoka kona hadi kona. Uwanja wa 105 kwa 68 unatakiwa kutoa mita 125.10 pande zote mbili. Wa 100 kwa 64 unatoa 118.73. Mishazari ikitofautiana, umechora msambamba.
3. Goli: mita 7.32 kwa 2.44, kutoka ndani ya mlingoti hadi ndani ya mlingoti, na kutoka ardhini hadi chini ya mtambaapanya. Ardhi iliyolika langoni hufanya goli kuwa refu, kwa hiyo jaza udongo kabla ya kupima.
4. Eneo la penalti: kina mita 16.5, upana 40.32. Eneo la goli: kina 5.5, upana 18.32. Nukta ya penalti mita 11. Duara la kati nusu kipenyo mita 9.15.
5. Mistari isizidi sentimita 12, na iwe na upana sawa wote.

Onyo: usitumie chokaa isiyozimwa. Inaunguza ngozi na macho, hasa ikikutana na jasho au mvua, na mchezaji huanguka juu yake kifua na uso. Tumia unga wa chaki au rangi ya maji.

Magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi. Mtikise mlingoti kwa nguvu zako zote. Mlingoti ukitikisika, hakuna mechi.

Mipira iwe minane ya aina moja, mzunguko sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450, upepo kati ya angahewa (atm) 0.6 na 1.1. Pima upepo uwanjani siku yenyewe kwa pampu yenye geji.

Kwa huduma ya kwanza: machela mbili, mashine ya kushtua moyo, daktari mmoja asiye wa timu yoyote, na gari la wagonjwa lenye dereva ndani. Andika jina la hospitali ya karibu na dakika za kufika. Gari likiondoka na majeruhi, nani anakuja badala yake? Kama hakuna, mchezo unasimama hadi lirudi, na hilo liwe kwenye kanuni.

Barafu kilo 20 na maji nusu lita chupa 60 kwa kila timu zinatosha mechi na mazoezi ya kupasha. Palipo na joto kali, panga mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika 3 kila kipindi, na uyaongeze kwenye hesabu ya jua.

## Hatua ya 8: Kikao cha maandalizi ya mechi

Kifanyike siku moja kabla, saa 4:00 asubuhi. Kila timu ilete kocha, meneja, na seti zote za jezi kwa macho, siyo kwa picha: za wachezaji wa ndani na za makipa, rangi iliyokoza na rangi hafifu. Kamishna azipange mezani pamoja na jezi za waamuzi. Rangi tano zisigongane.

Soma kwa sauti vifungu vitatu: wachezaji wa kubadilisha, namna ya kuvunja sare, na mechi ikivunjika. Watu husaini kanuni bila kuzisoma. Hapa ndipo mshangao utokee, siyo dakika ya 90.

Kila mchezaji akaguliwe hati na leseni. Tofauti ya herufi moja iandikwe kwenye kumbukumbu na wote wasaini.

## Hatua ya 9: Siku ya mechi

Kwa mechi ya saa 10:00 jioni, 16:00:

- Saa 6:00 mchana. Ukaguzi wa mwisho wa uwanja. Mageti yanafunguliwa saa 7:00.
- Saa 8:30. Timu zinafika. Gari la wagonjwa likiwa halijafika saa hii, anza kupiga simu.
- Saa 8:45. Orodha za majina kwa kamishna, nakala nne.
- Saa 9:10 hadi 9:40. Kupasha mwili.
- Saa 9:50. Timu mlangoni. Nyimbo za taifa, kama zipo, ziwe zimejaribiwa kwenye spika jana yake, ubeti mmoja mmoja. Wimbo usio sahihi unaumiza kuliko bao la mkono.
- Saa 10:00. Filimbi.

Hotuba za wageni wa heshima zisiwekwe kabla ya mechi. Misuli iliyopashwa inapoa ndani ya dakika chache, na mchezaji anachanika mbio ya kwanza. Zihamishiwe kwenye kukabidhi kombe.

### Sare ikibaki

Mwamuzi anarusha shilingi kuchagua goli, isipokuwa pana sababu ya usalama au uharibifu wa uwanja. Anarusha tena, mshindi anachagua kupiga kwanza au pili. Wanaopiga ni wale tu waliokuwa kwenye mchezo filimbi ilipolia. Timu ikiwa na wachezaji 11 na nyingine 10, yenye 11 inapunguza mmoja. Kadi za njano za mechi hazihamii kwenye matuta.

Weka askari nyuma ya goli litakalotumika kabla ya shilingi kurushwa, maana mashabiki huhama kwa wingi dakika hiyo.

## Hatua ya 10: Saa 48 za mwisho

Ripoti ya mwamuzi na ya kamishna zifike kwenye mashirikisho yote mawili ndani ya saa 24. Hesabu ya viingilio ifungwe usiku uleule, mbele ya mwakilishi wa kila klabu, kwa vishina vya tiketi: zilizochapwa, zilizouzwa, zilizorudi. Ikisubiri kesho, itasubiri mwezi.

Bingwa asaini hati ya kupokea kombe yenye picha yake, uzito, maandishi yaliyochongwa na tarehe ya kulirudisha. Kama bingwa ni mgeni, hati hiyo ndiyo atakayoionyesha forodhani, pamoja na orodha ya vifaa mliyoingia nayo. Kombe lililobaki kwa mwenyeji lifutwe kwenye orodha hiyo na kamishna aweke saini pembeni, la sivyo msafara utaulizwa mpakani kitu kilichoingia na hakikutoka kiko wapi.

Kabla basi halijawashwa, wale watu wawili wenye mamlaka ya kusaini wajaze mstari wa mwisho wa hati: mwenyeji wa toleo lijalo, na wiki ya kalenda wanayoiomba.